Mwandishi wa Ziwa Lenye Mlango Mmoja yupo humu, tumuulize kuhusu kiu, zile siku 9 na bibi wa sikio moja

Mdau_Nyegezi:

Wakuu habari za jioni. Jana saa nane usiku ndo nimemaliza kitabu cha kwanza cha Ziwa Lenye Mlango Mmoja na mpaka sasa hivi kichwa hakijatulia. Nilianza kukisoma Ijumaa nikiwa nasubiri kivuko pale Kamanga, nikasema ngoja nisome kurasa mbili tatu nisogeze muda, kivuko kikaja nikapanda nikashuka ng'ambo bado macho yako kwenye simu. Leo ndo rafiki yangu ananiambia mwandishi mwenyewe ni memba humu humu, ndo huyu Msimulizi_wa_Mawe tunayemsoma kila siku. Kaka kama unauona huu uzi naomba utujibu, tuko wengi tumekisoma na maswali tunayo.

Kwa ambao hamjasoma, kifupi ni hivi. Kuna dunia nzima imelizunguka ziwa moja kubwa, na kuna watu wanaitwa wapiga mwito, akiimba beti zake upepo unakuja, samaki wanakuja, hata jiwe linasogea. Ila akishamaliza anashikwa na kiu ambayo maji ya ziwa hayaikati kabisa, mpaka mvua imnyeshee. Sasa kuna binti anaitwa Kabula, kaka yake amemezwa na lile dubwana Mmezaji, na yeye anavuka ziwa kumfuata.

Maswali yangu. Hii kiu uliitoa wapi, maana kile kipande mpiga mwito mzee anakufa ufukweni, miguu iko ndani ya maji kabisa, midomo imepasuka, mimi kile kipande kilinikaba koo. Halafu ule mji unaitwa Mlango, hauna shamba, hauna samaki, watu wenyewe wachache, inakuwaje unawatawala wote? Na Kabula kuvuka siku 9, kwanini 9, sababu sisi hapa ukipanda meli ya Bukoba jioni asubuhi unaamka umefika. Mwisho yule bibi wa sikio moja ni nani jamani, kila anapotokea mambo yanaharibika ila bado ana huruma.

Msimulizi_wa_Mawe:

Mdau asante sana ndugu yangu, huu ujumbe wako nimeusoma mara mbili na nimeushika. Nitajibu yote isipokuwa moja.

Naanza na mji wa Mlango sababu dunia yote ilianzia hapo. Nikiwa darasa la sita mwalimu wetu wa jiografia alichora Ziwa Victoria ubaoni kwa chaki, akaanza kuchora mishale ya mito inayoingia, huku Kagera ambao ndo mkubwa kuliko yote, huku Mara, huku Simiyu, kule upande wa Kenya Nzoia, mishale mingi mpaka lile ziwa likawa kama mtu anachomwa mikuki. Halafu akatuuliza sasa yanatokea wapi? Darasa kimya. Akachora mshale mmoja tu kule juu, Jinja, akaandika Nile. Mmoja! Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza huo mshale mmoja, nikawaza hivi aliyekaa pale akiamua kufunga itakuwaje. Nilikuwa na miaka 12 na sijawahi kuacha kuwaza. Kwa hiyo kwenye kitabu mji wa Mlango hauhitaji shamba wala samaki, watu wake wamekaa kwenye mdomo wa chupa. Nguvu yote ya mwito inayotumika kwenye ziwa mwisho wake inatiririka kupita kwao, na wao ndo wanaamua ipite kiasi gani. Kila mji unalima, unavua, unaimba, halafu Mlango wanakusanya. Ni hivyo tu, hakuna mfalme mwenye macho ya moto.

Kiu sasa. Mimi nimekulia mlimani, zile nyumba zetu za juu kabisa kwenye mawe, mnaoishi Mwanza mnazijua, nyumba ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe na saa tatu usiku ukiliegemea bado lina joto la mchana. Ukitoka mlangoni ziwa unaliona lote pale chini, linang'aa mpaka linaumiza macho, halafu ukigeuka ndani ndoo kavu. Mama alikuwa anashuka na kupanda na ndoo ya lita 20 kichwani, mkono mmoja ameshika jiwe asiteleze, akifika juu hasemi kitu kwanza, anakaa, anahema, ndo anaongea. Mimi nilikuwa namuangalia yeye halafu naangalia ziwa. Kiu ya wapiga mwito ni hiyo, sikuitafuta kwenye kitabu chochote.

Halafu nikiwa mkubwa nikasoma kwamba maji ya ziwa letu kwa asilimia kama 80 hayaletwi na mito, yanatoka kwenye mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na mengi yake yanarudi tena juu kwa mvuke. Hapo nikapata sheria niliyokuwa naikosa. Maji ya ziwa ni ya wote, yameshaitwa na kila mtu tangu enzi, yamechoka. Mvua ni maji mapya, hakuna mtu ameyaimbia bado. Ndo maana mpiga mwito anaweza kufa na kiu miguu ikiwa majini, na ndo maana kiangazi ni wakati wa hofu kwenye hiyo dunia, vita vyote vinapangwa Juni mpaka Agosti sababu wapiga mwito wa adui wakishaita mara mbili hawana tena pa kukatia kiu.

Siku 9 nilipiga hesabu, tena nilikaa na ramani na rula. Ziwa letu kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 320, mashariki magharibi kama 250, na la kwenye kitabu nimelifanya lilingane na hilo sababu nikiweka kubwa zaidi napoteza vipimo vya mwili wangu. Mtumbwi wa makasia wenye watu sita, mzigo ndani, ukienda kilomita 5 kwa saa mmejitahidi, na mtu hapigi kasia saa 24, tuseme saa 8. Hiyo ni 40 kwa siku. Kilomita 250 gawanya kwa 40 unapata siku 6 na kitu, ongeza siku moja ya dhoruba wamejificha kisiwani na siku mbili za kuwatafutia chakula, unapata 9. Meli ya Bukoba ina injini kaka, Kabula ana mabega tu, na ndo maana chapta ya 11 nimeongelea malengelenge ya viganja kurasa mbili nzima. Kuna mtu aliniambia nizikate zile kurasa. Nimekataa, mtu akivuka ziwa lote halafu viganja viko salama msomaji hata kama hajawahi kupanda mtumbwi moyoni atakataa.

Bibi wa sikio moja ndo swali nisilojibu lote. Nitasema tu kwamba kabla sijazaliwa alikuwepo, na waliokuzwa na bibi zao Usukumani watamjua.

BintiKirumba:

Jamani mwandishi kumbe uko humu, nimefurahi mpaka nimemuita mdogo wangu aje aone. Kwanza hongera, pili nina kesi na wewe.

Chapta ya 14. Kabula ameita upepo usiku kucha, asubuhi midomo imekauka, ulimi umeshikana na kaakaa, halafu anachukua kata anakunywa maji na anapata nafuu. Hapo wako katikati ya ziwa! Sasa si ulisema maji ya ziwa hayakati kiu? Nilivyofika hapo nilifunga kitabu nikakasirika kabisa, nikasema ameivunja sheria yake mwenyewe ili binti asife. Mimi kitabu kikivunja sheria yake namuona mwandishi kama amenidanganya.

Na la pili hili la kuuliza tu, wale watu wa ukoo wa Kamongo ni wazee kiasi gani, maana wanaongelea Enzi ya Vumbi kama vile walikuwepo.

Msimulizi_wa_Mawe:

BintiKirumba kesi yako ni ya haki na naipenda, msomaji anayekasirika kwa ajili ya sheria ndo msomaji ninayemwandikia. Naomba urudi chapta ya 14 ukurasa wa kwanza, soma taratibu. Kabula hakuinama nje ya mtumbwi. Kata aliichovya ndani ya mtumbwi, kwenye maji yaliyojikusanya chini kwenye mbao, pale miguuni. Na mwisho wa chapta ya 13 nimeandika kwamba wakati wenzake wamelala walijifunika turubai la majani na "matone yakawa yanagonga mgongoni". Ilinyesha usiku. Yeye mwenyewe hakujua sababu alikuwa kwenye mwito, mtu akiwa kwenye mwito hasikii mwili wake. Alikunywa maji ya mvua bila kujua, na anaanza kudhani yeye ni tofauti na wapiga mwito wote, kwamba maji ya ziwa yanamkubali. Hayo makosa yake ndo yanaubeba mwisho wote wa kitabu, ukumbuke anachokuja kujaribu mbele ya Mmezaji.

Jina lake nalo lipo pale kwa kazi. Kabula kwetu ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na watu kijijini kwao wanamkumbusha hilo tangu chapta ya kwanza, kwa hiyo anataka kuamini.

Ukoo wa Kamongo sasa hapa nisimame kidogo maana nina mapenzi nao. Wanasayansi walichimba tope la chini ya ziwa letu wakakuta kwamba miaka kama 15,000 iliyopita lilikauka. Hili hili! Hapo unapopaona maji mpaka upeo wa macho palikuwa nyika. Nilivyosoma hiyo nilitoka nikaenda kukaa ufukweni jioni nzima nikijaribu kuyatoa maji kwa mawazo, nilishindwa. Ndo nikaandika Enzi ya Vumbi. Sasa nikajiuliza nani angeweza kuvuka kipindi kama hicho akabaki hai, na jibu ukienda mwaloni Kirumba unalikuta kwenye beseni. Wewe ni wa Kirumba utakuwa umemuona kamongo katolewa majini saa ngapi huko, samaki wengine wote wameshakuwa magogo, yeye anafungua mdomo anavuta hewa. Anavuta kabisa, unasikia. Na bwawa likikauka kamongo anajichimbia kwenye tope, anajizungushia ute wake unakauka kama gamba, analala humo mpaka mvua irudi. Basi ukoo wa Kamongo walilala kwenye tope Enzi nzima ya Vumbi. Wakizungumza polepole ni sababu hiyo, na wakichukia kuamshwa ni sababu hiyo. Umri wao siutaji kwa namba, wenyewe wanahesabu kwa mara walizolala.

BintiKirumba:

Nimerudi kusoma. Ni kweli, kata imeingia ndani ya mtumbwi. Na matone yapo. Nimeishiwa maneno, naomba radhi kwa hasira zangu za usiku ule. Na kamongo mama yangu ameuza miaka na miaka, ile sauti ya kuvuta hewa naijua, sikuwahi kuiwazia hivyo.

Kijana_wa_Buzuruga:

Mimi nauliza kwa heshima kabisa na sitaki ugomvi. Kaka unaandika vizuri hilo nakubali, ila hizi stori za madubwana na watu wanaoita upepo si mambo ya Ulaya haya, kwanini kipaji kama hiki usiandike maisha yetu halisi, bodaboda, uvuvi haramu, vijana wasio na ajira. Naona kama tunaiga.

Msimulizi_wa_Mawe:

Swali zuri mdogo wangu na nalijibu kwa moyo wote maana hata baba yangu aliniuliza.

Bibi yangu hakuwahi kusoma kitabu hata kimoja. Alikuwa anatusimulia habari ya Shing'weng'we, dubwana lililomeza watu wote na ng'ombe wote na kuku wote nchi ikabaki kimya, akabaki mwanamke mmoja mjamzito amejificha, akamzaa Masala Kulangwa, na kijana alivyokua akamuuliza mama yake watu wako wapi. Kila mnyama anayemuua anamletea mama, mama ni huyu? Mama anasema hapana mwanangu, siyo huyo. Mpaka siku anamuua mwenyewe, anapasua tumbo na watu wanatoka hai. Na bibi alivyokuwa anasimulia, kisu wakati kinapasua kikamkata bibi kizee mmoja sikio, na yule bibi badala ya kushukuru akaweka kinyongo. Nikiwa mtoto nilikuwa namuona mbaya, mtu ameokolewa analalamikia sikio. Nilivyokuwa mkubwa nikaanza kumuelewa. Sikio lake limeenda, wengine wote wanacheza ngoma, hakuna hata mmoja aliyemgeukia kumuuliza dada unaumwa? Mdau_Nyegezi, nadhani umeshapata nusu ya jibu lako hapo.

Na huko pwani Fumo Liongo hakuna silaha inayompata mpaka mwanae wa kumzaa anamchoma sindano ya shaba kitovuni. Shaaban Robert ana nchi nzima inayoelea hewani, Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951. Kwa hiyo madubwana tunayo na mashujaa tunao, mimi nimechukua vya nyumbani.

Na hayo maisha halisi unayoyataka, mimi naona yamo. Mji wa Mlango unakusanya bila kulima, mtu anakufa na kiu akiwa anaona maji, hivyo si vitu vya Ulaya. Hapo jirani tu Ukerewe alikuwepo Aniceti Kitereza, aliandika riwaya yake kwa Kikerewe akaimaliza 1945, ikaja kutoka kwa Kiswahili zaidi ya miaka 30 baadaye. Haina dubwana hata moja, ila yule mzee anaweza kukaa na shughuli moja ya nyumbani kurasa na kurasa mpaka unaijua kama umeifanya mwenyewe. Kutoka kwake nilijifunza kwamba ukitaka msomaji akuamini kwenye jambo kubwa mwaminishe kwanza kwenye jambo dogo. Mtu akishayaamini malengelenge ya Kabula, jiwe likisogea ataliamini pia.

Mwl_wa_Ushairi:

Nimekuwa nasoma kimya kimya ila hapa pa Liongo pamenitoa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nilivyosoma kitabu chako cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu mizani za miito yote kwa vidole. Zote ni utenzi, vipande vinne, mizani 8 kila kipande, vitatu vya mwanzo vinafanana vina na cha nne kinabeba kina cha bahari, kile kinachorudi kila ubeti. Haijakosea hata moja. Huu mwito wa upepo nimewafundishia wanafunzi wangu:

Upepo wa bara vuma
Sukuma chombo sukuma
Usinirudishe nyuma
Kiu nitailipia

Swali langu, ni kwa makusudi au imetokea? Maana umbo hili ni la kale sana, Utendi wa Tambuka una nakala ya mwaka 1728, na hawa wa kwako wanaliimbia kwenye ziwa.

Msimulizi_wa_Mawe:

Mwalimu shikamoo. Ni makusudi, na kuna mwito mmoja ulinichukua wiki mbili sababu mizani ilikuwa 9 na nilikuwa naupenda hivyo hivyo, ikabidi niuvunje.

Sheria iko hivi, sikuiandika popote kwenye kitabu ila wewe umeifikia kwa vidole. Kile kipande cha nne ndo malipo. Vitatu vya mwanzo unaomba, cha nne unasema utalipa nini, na kina chake hakibadiliki toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho sababu deni ni lile lile. Mpiga mwito akikosea kina cha nne, upepo unakuja ila deni linachukua kingine. Yule mzee aliyefia ufukweni, angalia ubeti wake wa mwisho. Kina kimebadilika.

Sukuma chombo sukuma nilivyoupata nilicheka kwa furaha peke yangu chumbani, nikaona hata kabila langu limeingia kwenye mwito.

Mwl_wa_Ushairi:

Marahaba. Nimeenda kuangalia ubeti wa mwisho wa mzee, kimebadilika kweli, -ia imekuwa -ua. Nilidhani ni kosa la kuchapa na nilikuwa nimekusamehe. Jumatatu wanafunzi wanarudi kwenye kipande kile. Na mimi pokea huu, kwa ajili ya huyo mzee:

Ziwa limejaa maji
Mimi bado muhitaji
Nani wangu mfariji
Mvua ikikimbia

Msimulizi_wa_Mawe:

Mwalimu huu naomba ruhusa uingie kitabu cha pili. Nitaweka jina lako utakaloniambia.

Mzee_wa_Mwalo:

Habari za humu vijana. Mimi siyo mtu wa vitabu, mjukuu wangu ndo amenisomea hicho kitabu jioni jioni hapa kisiwani, tumefika mwisho. Nimevua dagaa miaka zaidi ya 30 tangu tunatumia karabai za mafuta ya taa mpaka hizi taa za sola za sasa. Mwanangu umeandika vizuri, mambo ya kasia ni yenyewe, upepo wa usiku unatoka nchi kavu kwenda ziwani na mchana unageuka, umepatia. Ila chapta ya 21 umekosea na nimeona nikwambie kabla hujaendelea.

Umesema usiku wa mbalamwezi wavuvi wote wako ziwani na taa zao, dagaa wamejaa, ndo jeshi la Mmezaji linaingia kijijini linakuta wanawake na watoto. Hakuna mtu anavua dagaa mbalamwezi. Dagaa anafuata taa sababu kuna giza. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote ni taa, taa yako wewe ataijia ya nini? Wiki nzima na zaidi mitumbwi inavutwa juu, watu wanalala majumbani. Tukienda ni kwenye giza, na siku za giza ukisimama kilimani ukiangalia ziwani unaona taa mpaka mwisho wa macho kama kuna mji umejengwa juu ya maji.

Na lile la maji ya mtumbwi, maji yanayokaa chini ya mtumbwi hayawi ya mvua peke yake. Hata uzibe na pamba vizuri vipi kwenye maungio, ziwa linapenya kidogo kidogo. Huyo binti alikunywa mchanganyiko.

Msimulizi_wa_Mawe:

Shikamoo mzee wangu. Asante sana sana na mwambie mjukuu asante kwa kukusomea.

La mwezi nimekosea, halina mjadala. Nilitaka mwanga ili msomaji aone jeshi linavyoshuka mlimani nikasahau kwamba huo mwanga ndo unawarudisha wanaume nyumbani. Nakirekebisha. Na mzee hujui umenipa nini, kwa sababu sasa nimeona kwamba Mmezaji lazima aje kwenye giza, wakati ule mji wa taa uko juu ya maji na kijiji kimebaki wazi, na wavuvi kutoka kule ziwani wanaona moto unawaka nchi kavu, wanaona kabisa, nyumba kwa nyumba, na hawawezi kuwahi sababu upepo wa usiku unawasukuma waende mbali zaidi. Umesema mwenyewe unatoka nchi kavu. Ili warudi lazima mmoja wao apige mwito kinyume na upepo wenyewe. Mzee hiyo chapta nimeishika kichwani yote, leo silali.

La mchanganyiko ni kweli na hapo nilikuwa na bahati maana chapta ya 15 sauti ya Kabula imekwaruza na kiu haijaisha vizuri, nilikuwa nimehisi tu bila kujua sababu. Sasa sababu ninayo. Nusu mvua nusu ziwa, nusu nafuu. Kitabu cha pili kitaanzia hapo, kuna watu Mlango wanauza maji ya mchanganyiko kwa wapiga mwito na kuwaambia ni ya mvua tupu.

Mdau_Nyegezi:

Mimi nimefungua uzi nikidhani nitajibiwa maswali manne, sasa naona kitabu cha pili kinaandikwa mbele yangu. Mwandishi naomba tu usimuue Kabula.

BintiKirumba:

Wauza maji feki! Hao nawachukia tayari.

Msimulizi_wa_Mawe:

Mdau hilo la Kabula sikuahidi ndugu yangu, mwenyewe naogopa kufika huko.

Mzee naomba nikuulize jambo moja nikamilishe. Zile siku za mbalamwezi mitumbwi ikiwa juu, kijijini mnafanya nini? Nahitaji chapta moja ya utulivu kabla ya giza kurudi, nataka msomaji awaone wanaume nyumbani mara ya mwisho.

Mzee_wa_Mwalo:

Kwanza ni hesabu. Giza likiisha tajiri anakaa na vijana wake wanapiga hesabu ya walichopata, anatoa mafuta, anatoa chakula, kinachobaki wanagawana. Hapo ndo ugomvi na hapo ndo furaha. Mwenye kudaiwa dukani analipa. Mwenye mchumba ndo wakati anapeleka kitu. Halafu nyavu, tunazitandaza kwenye mawe tunakaa tunashona, dagaa ana nyavu ya matundu madogo sana, panya akipita mara moja una kazi ya siku mbili. Mtumbwi unageuzwa, tunatoa pamba ya zamani kwenye maungio kwa ncha ya kisu tunaweka mpya. Watoto wanapenda hizo siku maana baba yupo. Usiku mwezi ni mkubwa wanacheza nje mpaka wanaitwa. Halafu siku moja unaona mwezi umechelewa kutoka, watu hawasemi kitu, kila mtu anaenda kuangalia taa yake kama inawaka.